Albamu ya Cheche

Watu wengi walidhani jina la Cheche limetokana na kazi yake ya kuchomelea mageti. Sivyo. Alilipata ujanani, jukwaani, akipiga gitaa la umeme katika bendi ya roki aliyoianzisha na shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga dramu. Wakaoa, wakazaa, bendi ikafa kifo cha kimyakimya. Gitaa likahamia uvunguni.

Alipotimiza hamsini alipiga moyo konde akatunga nyimbo tisa mpya. Zilihusu mambo ya leo, mitaa inayobomolewa na watoto wanaopiga simu mara moja kwa mwaka, lakini alitaka zisikike kama zile za enzi zao: gitaa la kukwaruza, dramu zenye mwangwi. Shemeji akakubali. Wakaenda kurekodi kwa binti mmoja, fundi mitambo, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja kilichogongelewa magodoro ukutani.

Kila wimbo ulipokamilika, Cheche alitikisa kichwa. Gitaa limepooza, alisema. Zamani lilikata kama wembe. Binti akaongeza ukali. Bado. Akaongeza tena, huku akimtupia jicho shemeji. Shemeji akainama, akakaza skrubu ya dramu ambayo haikuwa imelegea. Nyumbani kwa Cheche kengele ya mlango ililia naye amekaa tu, na mkewe alizoea kumtania kuwa sikio la kufa halisikii dawa.

Albamu ikatoka. Siku ilipopigwa redioni, Cheche aliwakusanya majirani karakanani. Gitaa lilipoingia tu, mama wa duka la jirani akaziba masikio. Mtangazaji aliukata wimbo kabla ya kiitikio, akawaomba wasikilizaji radhi: alidhani mitambo yake imeharibika.

Kesho yake Cheche alikwenda kupimwa masikio. Daktari alimwonyesha mchoro: kwenye sauti nene mstari ulikwenda vizuri, kwenye sauti nyembamba ukaporomoka. Ni kelele za miaka yote hiyo za grinda ya kukatia vyuma, alieleza, na kilichokwenda hakirudi.

Kutoka hapo alinyoosha moja kwa moja kwa shemeji yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa umefurahi, shemeji. Sijakuona hivyo tangu bendi ivunjike. Ningekwambia, ungeacha."

"Bora ningeacha," Cheche alisema.

Binti alijitolea kuzirekebisha nyimbo zote. Cheche akakataa. Angejuaje kama zimekaa sawa? Sauti aliyoibeba kichwani tangu ujana, sasa aulize watu wengine kama ndiyo hiyo? Akamwambia binti azifute, naye, baada ya kumsihi wiki nzima abadili nia, akazifuta.

Cheche yuko karakanani hadi leo. Siku za mapumziko yeye na shemeji hula pamoja, wakazungumza habari za watoto. Muziki hawautaji. Mkewe hukaa katikati yao, akimrudia Cheche kwa sauti kubwa yale yaliyompita.