Kisu Kiunoni, Simu Mkononi

Naanza kujicheka mwenyewe, ninyi mtafuata.

Asubuhi ile msitu wa Vihingo ulijaa ukungu. Mjomba Shabani, mwenye bunduki na kibali cha kuwinda, alimpiga paa ng'ambo ya korongo. Magoti yake hayamruhusu tena kukimbia, kwa hiyo kumwahi mnyama na kumchinja angali hai, nyama isije ikawa kibudu, haramu kuliwa, ilikuwa kazi yangu.

Nilimkuta amelala kwenye majani yenye umande, anapumua polepole. Jua likapenya ukungu, jicho lake likang'aa kama maji ya kisima, nami nikawa kama naota. Badala ya kisu nikatoa simu. Nikamrekodi, nikanong'ona maneno matamu, nikairusha video mtandaoni palepale. Nilipozinduka, paa alikuwa ameshakata roho. Nikampitisha kisu shingoni hivyo hivyo.

"Umemuwahi?" mjomba aliuliza.

"Nimemuwahi, mjomba."

Mchana majirani walijaa mkekani kula pilau la paa. Mimi nilisingizia jino, nikakaa pembeni natazama watu wanavyoipenda video yangu.

Ndipo Mwanaidi, binti wa mjomba, alipoleta maji ya kunawa na simu yake. "Baba, hebu muone mpwa wako, amekuwa maarufu!"

Mjomba akaongeza sauti. Mkeka mzima ukanisikia nikinong'ona: "Jamani, anazimika taratibu kama taa. Mzuri mno, kumchinja nimeshindwa."

Mjomba alikuwa na tonge mdomoni. Hakulimeza, wala hakulitema. Alinitazama tu.