Mifupa Iliyopandishwa Mlimani

Damari alikuwa mjane wa Iramba, mkulima wa viazi vitamu kwenye bonde la mto, safari ya nusu siku kutoka Kiomboi. Mumewe alizikwa bondeni humo, pembeni ya shamba.

Zama za Waingereza wakaja wapimaji. Walipigilia vigingi vyekundu toka mtoni hadi karibu na mlango wake. Mkalimani wao, Ignas, alieleza kwamba mto utazibwa kwa ukuta, maji yajae mpaka kwenye vigingi, na yakiporomoka yazungushe mashine za umeme. Damari akauliza umeme huo utawaka nyumbani kwa nani. Ignas akatazama viatu vyake, akajibu kuwa utakwenda kwenye mgodi wa Wazungu. Tangu hapo Damari hakuamini maneno yake mengine, ila hilo la maji lilimkosesha usingizi.

Shemeji yake, Alute, hakuamini lolote. Vigingi ni hila, alisema. Watu wahame wenyewe kwa hofu, ardhi ichukuliwe bila ugomvi. Atakayeondoa hata jiwe bondeni amewapa Wazungu ruhusa.

Kabla ya mvua Damari alifukua kaburi la mumewe, akiwa na mwinjilisti wa kanisani kwake. Waliifunga mifupa katika shuka, wakaizika mlimani, juu zaidi ya kigingi cha mwisho. Ukoo ukamjia.

"Shemeji, wamekupa nini?" Alute aliuliza mbele ya wote.

"Hawajanipa kitu. Ndugu yako hakujua kuogelea."

Hakuna aliyecheka. Kisimani wanawake walinyamaza akifika. Wengine walisema amehongwa, wengine kwamba mifupa ile ina kazi nyingine, ya kichawi.

Mvua zikaja, mto ukajaa kama kawaida, ukapungua. Wapimaji walifunga mahema, wasirudi. Mchwa wakala vigingi. Hakuna aliyekuja kusema kwamba bwawa limeachwa, wala kwa nini. Alute alipita mlangoni kwake miaka mingi bila salamu, na Damari mwenyewe akaanza kujishuku: huenda alimsumbua marehemu bure.

Alute alipougua alimwita. Damari alikwenda akitarajia laana.

"Mnizike kule juu, kwa ndugu yangu," alisema.

"Si ulisema ni hila?"

"Nilisema. Lakini Mzungu hapimi kitu bure."

Wakamzika mlimani. Damari aliendelea kulima bondeni hadi uzeeni, viazi tu, vya msimu mmoja mmoja. Mti hakupanda, maji yasije yakaukuta.