Kidole cha Lorraine Dudek

Watu wa maonyesho ya kadi ni watu wa ubishi. Watabishana juu ya bei, juu ya mwaka, juu ya nani alirusha mpira vizuri enzi za babu zao, na wakimaliza watabishana juu ya nani aliyeanza ubishi. Katika ukumbi wa wazima moto, kwenye mji ule mdogo kando ya Ziwa Erie, kitu kimoja tu hakikuwahi kubishaniwa, nacho ni kidole cha Lorraine Dudek.

Lorraine alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha maboksi, mbele ya mashine ya kukatia karatasi. Huko ndiko alikojifunza kwamba karatasi iliyokatwa zamani ukingo wake umelala, na iliyokatwa juzi bado ina meno. Alipostaafu alikodi meza ukumbini, akaanza kuuza kadi za besiboli, zenye picha za wachezaji, zile za zamani zilizokuwa zikitiwa kwenye pakiti za chingamu. Sasa wapo walaghai wanaochukua kadi kuukuu yenye kona zilizochakaa, wanainyoa kidogo tu kwa wembe, kona zinarudi kali kama za jana, na bei inapanda mara kumi. Kwa wanaojua, kadi iliyonyolewa ni maiti iliyopakwa poda. Lorraine aliitambua macho yakiwa yamefumbwa. Alipitisha kidole cha shahada ukingoni, mara moja kila upande, kisha akasema "safi" au "imenyolewa". Akishasema safi, muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono, na baada ya hapo hakuna kurudishiana. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Tangu Oktoba, kidole hicho kilikuwa kimekufa.

Kisukari kilianzia kwenye nyayo, kikafika mikononi. Siku moja alishika sufuria ya supu ya kabichi, akanusa kitu kinaungua, akatazama jiko, akatazama kitambaa, na mwisho akagundua kinachoungua ni yeye. Daktari alimwambia ganzi ile haitaondoka. Mtu mwenye busara angewaambia wenzake mapema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao hawakukosea, lakini nani anapenda kuumbuka mbele ya wanaume arobaini, nusu yao wakiwa ndio waliomcheka siku ya kwanza alipopanga meza yake? Kwa hiyo Novemba, Desemba na Januari alipitisha kidole, akafumba macho, akakunja uso kama ilivyo desturi yake, akasema safi. Kadi tisa. Kila moja ilimnyima usingizi.

Jumamosi ya maonyesho ya Februari theluji ilifika magotini, lakini watu walikuja. Ukumbi ulinukia kahawa na soseji. Kabla ya saa sita akaingia Gerald Sopko, mpeleka barua mstaafu, mrija puani, akivuta mtungi wake wa oksijeni kwenye magurudumu kama mtu anayevuta mbwa mvivu. Kwapani alibeba albamu ya kadi za mwaka 1954. Zilikuwa zimetimia zote isipokuwa moja, ya Eddie Brannock, mrushaji aliyecheza msimu mmoja tu akapotea. Gerald alikuwa ameitafuta miaka arobaini. Daktari wake alishamwambia asipange mambo ya kiangazi.

Na siku hiyo Brannock alikuwepo. Royce Tibbets, muuzaji kutoka ng'ambo ya mpaka wa jimbo, upande wa Ohio, alikuwa naye ndani ya kifuko cha plastiki. Bei walikuwa wameshaelewana.

"Lorraine!" Gerald aliita, akahema, akaita tena. "Njoo, mama, umguse huyu bwana. Ananikimbia miaka arobaini, leo nimemkamata mguu!"

"Pumua kwanza, mzee," akasema Walt Prokop wa meza ya jirani, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Ukifa kabla ya kulipa, Royce atakufuata kaburini na risiti."

"Nikifa mtanizika naye mfukoni. Wewe utabaki na hizo takataka zako."

Watu wakacheka, wakasogea. Lorraine akaja taratibu. Aliitoa kadi kwenye kifuko. Ilikuwa nzuri. Rangi ya bluu ilikuwa hai, kona nne kali. Alitamani isingekuwa nzuri kiasi kile. Akafumba macho, akapitisha kidole upande wa kwanza.

Hakuhisi kitu. Akapitisha wa pili, wa tatu, wa nne, polepole kuliko siku zote, akibonyeza, akiomba walau mkwaruzo mdogo. Alikuwa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Angesema safi, Gerald angelia kwa furaha. Kama ilikuwa imenyolewa, mzee angekuwa amemaliza akiba yake kwa uongo. Angesema imenyolewa kwa kubahatisha, na kama ilikuwa nzima, angekuwa amemnyang'anya Gerald kitu pekee alichokuwa akikisubiri. Akafumbua macho. Gerald alikuwa akimtazama kama mtoto anayetazama mwezi wa Idi, na Lorraine akaona hawezi. Hawezi kudanganya kwa mara ya kumi.

"Royce," akasema, "nipe kadi kumi za kawaida. Za mwaka huohuo."

"Za nini?"

"Za kupanga."

Kupanga kila mtu alikujua: unaitia kadi unayoishuku katikati ya nyingine za mwaka wake, unagonga zote mezani, unatazama juu. Iliyonyolewa huzama, maana imepungua kimo. Kilikuwa kipimo cha wageni wa kazi hii, na tangu Lorraine aanze kugusa hakuna aliyehangaika nacho.

"Lorraine, unatutania?" Walt akauliza.

Lorraine alipanga. Aligonga. Wote wakainama. Katikati ya kadi zile palikuwa na mfereji, mwembamba kama uzi, lakini ulikuwepo. Akazigeuza upande wa pili, akagonga tena. Mfereji ulikuwepo.

"Imenyolewa," akasema.

Royce alibadilika rangi. "Jamani, niliinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Naapa sikujua!" Na ilikuwa kweli; akairudisha kadi kwenye kifuko bila kubisha.

Hapo Lorraine angeweza kuondoka na heshima yake. Angesema alitaka uhakika, na wangemsifu. Lakini Walt, kwa mdomo wake, akauliza: "Sasa mbona hukusema kwa kidole?"

"Kidole kimekufa, Walt. Tangu Oktoba. Sina hisia hata kidogo." Akawageukia wote. "Kuna kadi tisa nilizowaambia safi nikiwa nadanganya. Mwenye nayo ailete, tuipange."

Laiti wangemfokea. Badala yake Walt alifungua sanduku lake, akatoa kadi aliyoinunua Desemba, akaiweka mezani bila kumtazama. Ilipangwa, ikawa nzima. Akaichukua, akaenda zake. Wengine watatu wenye kadi hizo walikuwepo ukumbini, wakaja mmoja mmoja. Mbili zilikuwa nzima. Ya nne, ya Denny Krall, ilizama. Denny aliirudisha mfukoni, akatoka nje kwenye theluji, koti likiwa wazi, na hakurudi kuchukua hata kahawa aliyokuwa ameilipia. Lorraine aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake.

Baadaye ukumbi mzima ukaanza kugonga. Kila meza, tak, tak, tak, wanaume wakizipanga kadi zao wenyewe.

Gerald alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma, albamu wazi magotini, ukurasa wa mwisho, kile kifuko kimoja kikiwa kitupu. Lorraine akakaa karibu naye.

"Nisamehe, Gerald."

Mzee alisubiri pumzi zimfikie. "Umefanya vizuri," akasema. "Kila mtu atakwambia hivyo, na ni kweli." Akavuta hewa tena, mtungi ukafyonza. "Lakini mimi mwaka huu siumalizi, Lorraine. Ungesema safi, ningemtia humu, nikafunga kitabu. Ningekufa naye bila kujua."

Lorraine alimfungia albamu, akamvalisha kofia, akamshika mkono kumvusha barafu mpaka kwenye gari. Njiani aliona vidole vya Gerald vinabana vyake. Naye akabana, akikisia tu ni kwa nguvu kiasi gani.