Sarafu Safi ya Shemeji Yangu

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mwepesi wa kuamini. Akiambiwa jambo na mtu mmoja hulikubali, na akiambiwa na wawili huanza kulitangaza. Mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi na sijaacha tabia ya kuuliza shahidi ni nani. Hivyo ndivyo tulivyoishi bila kuchokana: yeye huleta habari, nami huzikagua mlangoni.

Mwaka jana, kiangazi kikielekea mwisho, alinijia kutoka kwake Chemchem na habari kubwa kuliko kawaida. Katika kasha la marehemu mama yake alikuwa amekuta sarafu ya Mjerumani ya heller ishirini. Ni zile zilizofuliwa hapa hapa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika karakana ya reli, fedha kutoka ng'ambo ilipokuwa haifiki tena. Neno hela, ambalo sote tunalitaja kila siku ingawa wenye nazo ni wachache, limetokana na jina hilo.

"Shemeji, shida zimekwisha," alisema kabla hajaketi. "Kuna mtu Urambo aliuza moja kama hii akajenga nyumba."

"Umeiona hiyo nyumba?"

"Sijaiona."

"Na huyo mtu?"

"Aliyeniambia anamfahamu aliyemwona."

"Basi nyumba hiyo haijachimbwa hata msingi."

Alicheka, ila nilijua kwamba moyoni hakuwa na mzaha. Mabati ya nyumba yake yalikuwa yametobolewa na kutu, na masika yaliyopita mke wake aliyapitisha akihamisha masufuria kutoka tone hadi tone. Safari hii mama huyo alikuwa ametamka wazi kwamba mvua ya kwanza ikimkuta chini ya paa lile, atahamia Ipole kwa dada yake, akale asali na watu wenye akili. Shemeji asingeweza kuishi peke yake hata kwa juma moja. Hajui chumvi inakaa wapi.

Nikampeleka kwa sonara mmoja mjini, Mhindi ambaye ukoo wake umekuwa na duka hapa tangu enzi za babu zake, naye hukusanya sarafu za kale. Shemeji aliiacha sarafu nyumbani, kwa kuwa, alivyosema, hatembei na mali barabarani.

"Shikamooni, wazee," sonara alitusalimu. Alipokwisha kusikiliza, aliuliza swali moja. "Ni ya shaba njano au shaba nyekundu?"

"Nyekundu."

Alivua miwani. "Za njano zilifuliwa nyingi mno, kila mtu ana moja na kila mtu anadhani ni yeye peke yake. Nyekundu ni chache. Lakini uchache hautoshi. Nataka hali yake: taji lionekane, herufi zisiwe zimelika. Ukiniletea ikiwa safi, mzee wangu, bei hutailalamikia."

"Safi kabisa," shemeji aliahidi, na nikaona tayari anahesabu mabati.

Msomaji ambaye hakukulia katika nyumba za mji huu hana budi kuelezwa jambo moja. Idd inapokaribia, masinia na mabuli ya shaba hutolewa uani yakasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka mtu ajione ndevu. Chombo cha shaba kilichofifia ni aibu ya nyumba nzima. Kwa hiyo shemeji alipofika nyumbani na neno safi kinywani, hakuna aliyehitaji ufafanuzi.

Kesho yake alifungua kitambaa juu ya meza ya sonara. Sarafu iling'aa kama kifungo cha askari siku ya gwaride.

Sonara aliitazama, akamtazama mwenyewe. "Nani kaiosha?"

"Mimi na mama watoto," shemeji alijibu kwa fahari. "Ndimu, majivu, na mchanga kidogo pale palipokaidi."

"Mzee, ungeniletea na uchafu wake!"

"Si ulisema safi?"

"Safi kwetu ni ile ambayo haijaguswa."

"Basi safi yenu ndiyo uchafu wetu. Mngesema mapema."

Sonara alitupatia kioo cha kukuzia, nasi tukaona kwa zamu. Uso wote ulikuwa na michirizi, na taji, ambalo vita na miaka yote hiyo vililiacha salama, lilikuwa limesagwa na mchanga. Ile rangi ya kahawia iliyoifunika kabla haijaoshwa, alieleza, ndiyo ngozi ya sarafu; ikichunwa hairudi. Kisha akataja bei. Ilikuwa theluthi ya ile ambayo angeitoa kama isingesuguliwa.

Shemeji alinigeukia. "Wewe msomi ulikuwa umesimama hapa hapa. Mbona hukuuliza safi ya namna gani?"

"Nilikuja kama shahidi, si mkalimani."

"Shahidi wa hasara tu!" Kisha akajaribu: "Lakini nimesikia kwamba Dar es Salaam wanapenda zinazong'aa."

Nilimtazama, naye akaangalia nje, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Kipalapala.

"Haya, toa," alimwambia sonara. "Ila uongeze kidogo. Ndimu nazo zilinunuliwa."

Sonara alicheka, akaongeza. Jioni hiyo hiyo mabati yalipelekwa Chemchem. Hayakutosha nyumba nzima, na mke wake ndiye aliyeamua yaanzie wapi: chumba cha kulala na jiko. Sebule, alisema, ni ya wanaume na maneno yao, itasubiri.

Mvua ya kwanza ilinikuta huko. Tulijitahidi kukaa sebuleni kwa heshima, mpaka tone likaingia katika kikombe changu, na la pili likanipata shingoni.

"Njooni huku!" mama alituita kutoka jikoni. Hakuwa amekwenda Ipole. "Mtakufa na adabu zenu."

Tukaenda. Nilipewa kigoda cha chini kando ya jiko la mkaa, magoti yakinifika karibu na kidevu, na chai ikamiminwa upya. Juu yetu mvua ilipiga mabati mapya kwa kishindo kikubwa, hata shemeji akashindwa kunisimulia habari aliyokuwa ameisikia asubuhi.