Goti la Kitundu

Siku ile ya mnada wa Kinyangiri naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ni katika siku ambazo ningependa kuzisahau. Juzi uliponionyesha kwenye simu bango la pambano la mwezi ujao, ukasema wenzako wanangoja utabiri wako kwa kuwa mmoja wa wapiganaji unafanya naye mazoezi, siku hiyo ikanirudia yote. Nilikuahidi jibu. Jibu lenyewe ni hili, na ni refu kidogo.

Nilikuwa kijana, mchuuzi wa kuku. Nilizunguka vijijini na baiskeli yenye matenga mawili, nanunua kuku, nawapeleka Singida Mjini. Nawahesabu wakiingia tengani, nikifika njiani nashuka nawahesabu tena. Mke wangu husema hata watoto wetu niliwahesabu mara mbili walipozaliwa. Ni kweli, na walikuja mapacha, kwa hiyo sikukosea sana.

Ujuzi wa kazi ile uko mikononi na mdomoni. Unamshika kuku, unampapasa kidari, kisha unataja kasoro yake kwa sauti, majirani wasikie. "Mama, huyu amekonda." "Mzee, huyu jicho halioni vizuri." Kasoro ikishasemwa mbele za watu, mwenye kuku analegea. Nilifanya hivyo miaka mingi, mpaka mdomo ukawa unatangulia kabla sijaangalia kilicho mbele yangu ni kuku au ni mtu.

Kitundu alikuwa rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe. Kwa mieleka alitushinda wote. Baadaye akajifunza ngumi na mateke mjini, akapangiwa pambano la mchanganyiko, kama hili lako: ngumi, mateke, mieleka, kukabana shingo mpaka mmoja agonge mkeka kwa kiganja, kuonyesha amekubali. Mpinzani wake alikuwa mpakia mizigo wa stesheni ya Itigi. Atakayeshinda angechukuliwa Dar es Salaam akafundishwe na kupigana huko. Kitundu alishaaga hadi ng'ombe.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe akaja nyumbani kwangu, akakunja suruali.

"Goti hili lilichomoka nikibeba gunia la alizeti," akasema. "Nikilisukuma kwa ubavuni linaachia. Nimekwambia wewe tu. Mwalimu akijua ananitoa."

Nikamkanda kwa maji ya moto jioni tatu mfululizo. Kwa mikono yangu hii.

Halafu ikaja siku ya mnada. Kwenye banda la chai vijana walikuwa wanabishana nani atashinda, na wote wanamtaja Kitundu kwa sababu ni wa kwetu. Mimi nikataka kuwa yule anayejua zaidi.

"Nyie mnapima kwa mapenzi," nikawaambia. "Kitundu atatamba raundi ya kwanza. Ikifika ya pili amekwisha."

"Acha roho mbaya, wewe mtu wa kuku."

"Si roho mbaya. Nimemshika, nimempima."

"Haya, ana nini?"

"Goti."

Pembeni alikuwepo mtu mwenye kofia nyekundu ya sufu, hatumjui, anakunywa chai yake kimya. Akauliza taratibu, "Goti lipi?"

Mwanangu, mnunuzi wa kweli huuliza hivyo, kama vile hana haja na kitu. Mimi mwenyewe nilikula kwa kuuliza hivyo, na sikuutambua mtego. Nikajibu, "La kushoto." Watu wakacheka, nikaongezewa andazi.

Siku ya pambano, ukumbi ulijaa. Raundi ya kwanza Kitundu alimwangusha yule wa Itigi mara tatu. Wakati wa mapumziko nikatazama kona ya pili. Aliyeshika ndoo ya maji alikuwa na kofia nyekundu. Aliinama sikioni kwa kijana wake, akajigusa goti la kushoto kwa vidole viwili.

Raundi ya pili hakuna ngumi iliyorushwa. Yalikuja mateke tu, goti lile lile, kwa ubavuni. La nne Kitundu akaenda chini, akagonga mkeka kabla hajaguswa tena.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, mguu ameunyoosha juu ya kiti.

"Ulisema raundi ya pili," akaniambia. Kumbe maneno ya mnadani yalimfikia siku ile ile, na bado hakuja kunigombeza.

"Nilisema."

"Umepatia."

Katika utabiri wangu wote, ndio pekee niliopatia mpaka raundi.

Dar es Salaam akaenda yule wa Itigi. Kitundu alirudi shambani, na mpaka leo anatembea ameegemea upande mmoja. Anafuga kuku. Mwaka jana alinipa jogoo, nikamtia tengani bila kumshika kidari.

"Humpimi?"

"Anatosha."

"Mguu wake mbovu. Zamani ungetangaza mpaka kijiji cha pili."

Nikasema, "Nisamehe, Kitundu." Miaka yote ile nilikuwa sijalitamka neno hilo.

Akakaa akilitazama tenga. "Hesabu kuku wako uende," akasema, "jua linazama." Siku hiyo niliwahesabu mara moja tu, na hata hiyo sikumaliza.

Sasa wewe tabiri, sikukatazi. Angalia pumzi zao, urefu wa mikono, mapambano yao ya nyuma, yale ambayo kila jicho linaona. Lakini bega bovu ambalo mwenzako anawaficha watu, akakuonyesha wewe kwa sababu anakuamini, hilo litoe kwenye hesabu, hata kama bila hilo utakosea. Kosea, mwanangu. Watakucheka wiki moja, watasahau. Na akitokea mtu akakuuliza kwa upole "bega lipi?", mwambie hujui, unywe chai yako.

Mungu akupe jicho la kuona kasoro za watu, akupe na ulimi mzito wa kuzitaja. Na huyo mwenzako, ashinde asishinde, ashuke ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akukute unamngoja, na uweze kumtazama usoni.