Mayai Yasiyo na Gamba

Yai la kwanza lisilo na gamba aliliokota mke wangu asubuhi, kwenye majani ya banda. Aliniletea kiganjani, likitikisika, limefunikwa na ngozi nyembamba kama ya kibofu cha mbuzi. Nililibonyeza, likabonyea bila kupasuka.

"Baba, hili ni nini?"

Nilikuwa na jibu kabla sijafikiri. Nikasema ni yule mwanamke.

Yule mwanamke alikuwa jirani yetu, mjane aliyekuja kutoka Burundi akiwa binti, akapata uraia, akajenga karibu nasi upande wa Titye. Aliuza dagaa wa Kigoma. Kila siku aliwachambua uani kwake, akatupa vichwa na vumbi lao, na kuku wangu walishinda huko wakidonoa. Miezi miwili kabla ya yai lile walipanda mpaka kwenye turubai alikoanika. Akaja kwangu.

"Mzee, nakuomba uwafunge wakati naanika tu. Ukiona nimeanua, wafungulie."

Lilikuwa ombi la haki. Mimi nililisikia kama amri ya mgeni. Nikazungushia banda ua wa fito, nikawafungia kutwa nzima kwa pumba na maji, nikampigia kelele: "Haya, kaa na dagaa wako!"

Baada ya yai la kwanza likaja la pili, laini vilevile. La tatu lilikuwa na gamba lenye mikunjo, ukiligusa linamomonyoka. Lile la pili nililiweka kwenye jani la mgomba, nikaenda nalo bombani, ambako jirani alikuwa kwenye foleni na akina mama wengine.

"Kazi yako hii," nikamwambia.

Akaangalia. "Hilo ni yai, mzee."

"Gamba liko wapi?"

"Sasa gamba nimelila mimi?"

Akina mama wakaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichonipandisha hasira. Nikasema mbele yao wote kwamba ameleta uchawi wa kwao, kwamba tangu tukosane kuku wangu wanataga ngozi. Mmoja akasogeza ndoo yake mbali na ya jirani.

Yeye hakusogea. "Umesoma mpaka kidato cha nne, mutama, mzee mzima, ukatoka na hicho? Kuogopa yai?"

"Rudi kwenu."

"Kwetu ni hapa."

Hazikupita wiki mbili, hakuna aliyenunua dagaa kwake. Kitongoji kikakaa kikao, akaambiwa aondoke maharage yakishavunwa. Nilikaa mstari wa mbele. Mke wangu hakuja.

Mavuno yalikuwa bado wiki tatu alipopita mtaalamu wa mifugo kuchanja kuku dhidi ya kideri. Alilishika yai laini bila kushangaa.

"Wanakula nini?"

"Pumba."

"Pumba tupu, tena wamefungiwa? Gamba watalitoa wapi? Wanataka magamba ya konokono, mifupa, vichwa vya dagaa. Kabla hujawafungia walikuwa wanakula wapi?"

Mke wangu akaniwahi kujibu. "Kwa yule wanayemfukuza."

Wiki tatu zilinitosha kabisa kusema ukweli. Kwa mwenyekiti wa kitongoji ni mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Nilinunua vichwa vya dagaa Kasulu mjini, nikavitwanga nyuma ya nyumba, nikawapa kuku bila kumwambia mtu. Mayai yakawa na gamba gumu. Watu wakasema, si mnaona, kikao kimemtia adabu mchawi. Sikukanusha. Alivuna maharage yake, akang'oa mabati, akapakia kwenye gari, akapita mbele ya ua wangu bila kugeuza shingo.

Msimu uliofuata nilimkuta sokoni Makere, anapima dagaa. Nikaanza kumweleza kwa sauti ya chini habari za pumba na magamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono haukuacha kupima.

"Ulijua kabla sijaondoka?"

"Nilijua."

"Hapa hakuna anayeniita mchawi. Kaseme kule kule uliposemea. Na usogee, unanizibia wateja."

Nilisimama kwenye kikao kilichofuata nikaeleza yote: ua, pumba, vichwa vya dagaa, na zile wiki tatu. Nikaomba kitongoji kifute uamuzi wake, arudi kwenye kiwanja chake akitaka. Mwenyekiti akauliza kama nawafanya watu wazima wote waliokaa pale kuwa waongo. Nikasema mwongo nilikuwa mimi.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Amemfuata mpaka Makere. Atakuwa amelishwa kitu na yule mchawi!"

Wakaitikia, wengine kwa kicheko, wengine wakinitazama kwa woga, kama nilivyowafundisha kumtazama yeye. Uamuzi ukabaki ulivyo. Mwenyekiti akaniambia nikae chini, na mzee niliyekuwa nimekaa karibu naye kwenye benchi akahamia upande wa pili.