Pini za Shangazi

Shangazi alizipanga pini kwenye pembe ya kulia ya mdomo wake, ncha ndani, vichwa nje, na hazikutoka hapo mpaka mteja avue nguo. Kijaluba cha kuwekea pini kilikuwepo mezani, tena chenye sumaku, zawadi ya mteja mmoja aliyeogopa hata kumtazama. Shangazi alikitumia kuwekea vifungo. Akiulizwa jambo, alijibu nazo mdomoni. Akicheka, alicheka nazo. Wapo waliosema analala nazo, naye hakuwahi kukanusha.

Kwa hiyo maneno yake yalitoka yamebanwa, nusu yakipita puani, nusu yakibaki nyuma ya meno. Wateja waliambulia mngurumo tu. Aliyemwelewa alikuwa binti wa kaka yake, aliyeletwa pale dukani akiwa mchanga baada ya mama yake kufariki, akajifunza kusimama kwa kushika miguu ya cherehani. Mtoto yule alijifunza kuongea kwa kumsikiliza mtu mwenye pini mdomoni. Wateja wakambandika jina la Mkalimani, na jina likamganda hata alipokuwa mtu mzima mwenye cherehani yake mwenyewe upande wa dirishani.

"Mkalimani, anasemaje?" mteja angeuliza, mikono juu, koti limeshikizwa kila upande.

"Anasema usimame wima, uvute pumzi."

Shangazi alikuwa amesema kitambi cha huyu bwana kimeingia dukani kabla yake.

"Mbona ameongea maneno mengi hivyo?"

"Mengine alikuwa anahesabu."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Shangazi alianza sentensi, Mkalimani akaimalizia. Neno lililopotea njiani alilitia yeye mwenyewe, kama mtu anayeunga uzi uliokatika bila fundo kuonekana. Mara nyingi hata hakungoja lifike. Wakati mmoja, Mkalimani akiwa bado mtoto, fundi viatu wa jirani alikuja amevaa shati safi, akauliza kama Shangazi angekubali waishi pamoja. Shangazi akajibu na pini zake. Fundi viatu akamgeukia mtoto. Mtoto akasema, "Anasema ana kazi nyingi." Shangazi alimtazama yule mtoto kwa muda, kisha akarudi kwenye pindo la sketi. Halikuzungumzwa tena.

Asubuhi ya mwanzo wa mambo haya, Shangazi alipanga pini mdomoni, zikadondoka. Akaziokota, zikadondoka tena. Mkalimani alipoinua macho aliona ile pembe ya kulia imelegea, na chaki ikimponyoka Shangazi mkononi. Hakupoteza muda. Walifunga duka na kipimo cha mteja kikiwa bado mezani.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari, mwanamke mwenye miwani aliyoipandisha kwenye nywele, alikaa nao kitandani.

"Ni kiharusi, lakini chepesi," alisema. "Mshipa mmoja mkubwa wa kichwani umezibwa na damu iliyoganda. Tunaweza kupitisha mrija mwembamba kuanzia kwenye paja mpaka huko juu, tuivute itoke. Ila kuingia huko nako kuna hatari yake, na mama bado anainua mkono, anaongea. Mishipa midogo ya pembeni inamlisha. Tutampa dawa na kumwangalia kwa karibu. Akizidiwa, tutaingia, na hapo hakuna kuchelewa. Sehemu ya ubongo ikikosa damu ikafa, hairudi."

"Nitajuaje kwamba amezidiwa?"

"Mkono. Uso. Na maneno hasa. Manesi watampima, lakini wewe ndiye unayemjua. Maneno yakibadilika kidogo tu, ita mtu."

Mkalimani akaitikia. Hakuna kazi aliyoijua kuliko hiyo.

Kesho yake asubuhi nesi alipita. "Mama, unaitwa nani?"

Shangazi akajibu. Nesi akamgeukia Mkalimani.

"Ametaja jina lake," Mkalimani akasema.

"Ndivyo anavyoongea siku zote?"

"Siku zote. Ni fundi cherehani, anaweka pini mdomoni. Watu wengi hawamwelewi."

Nesi akatabasamu, akamwambia Shangazi ainue mikono. Wa kulia ulipanda nusu, ukashuka polepole. Nesi akasema ni kama jana, akaenda kitanda kingine.

Ilikuwa asubuhi nzuri. Wawili hao waliongea kama dukani. Shangazi alisema pindo la gauni la bibi harusi lisikatwe mpaka mwenyewe aje na viatu vyake; Mkalimani akasema ndiyo, atamwambia. Shangazi akasema kitu kuhusu dirisha. Mkalimani akalifungua. Akasema tena. Akalifunga, akampa maji. Akasema tena, na Mkalimani akamrekebishia mto, akamwambia, "Shangazi, leo umeamka na maagizo."

Mchana zamu ikabadilika. Nesi mwanaume, mnene, mwenye hatua za taratibu, alikuja na sinia la dawa. Shangazi akamwambia neno.

"Amesemaje?"

"Anakuuliza kama umekula."

Nesi hakucheka. Aliweka sinia chini, akainama. "Mama, rudia." Shangazi akarudia. "Dada, hayo si maneno."

"Ni maneno."

"Ni sauti tu. Wewe unamwelewa?"

"Namwelewa."

"Mimi sijashika hata moja. Na jana mimi ndiye niliyempokea hapa wodini. Tuliongea vizuri. Aliniambia hili shati langu lilishonwa na mtu mwenye hasira."

Akaunyanyua mkono wa kulia wa Shangazi, akauachia. Ukaanguka juu ya shuka kama kitambaa. Yule mtu wa hatua za taratibu akatoka mbio.

Daktari alipofika, miwani alikuwa ameishusha machoni. "Ameanza lini kuongea hivi?"

"Tangu nizaliwe," Mkalimani akasema, na hapo ndipo alipoutazama mdomo wa Shangazi. Haukuwa na kitu. Haukuwa na kitu tangu jana.

Uamuzi ulikuwa mwepesi. Kuutekeleza ndiko kulikochelewa. Chumba cha kuzibulia mishipa kilikuwa na mgonjwa mwingine juu ya meza. Ikabidi picha ya kichwa irudiwe. Wakangoja kwenye korido, kitanda kimeegeshwa ukutani, watu wakipita na vikombe vya chai.

Jioni daktari alitoka, alama za barakoa zikiwa bado usoni. Mshipa umefunguka, alisema, damu inapita. Lakini sehemu ya ubongo yenye maneno ilikuwa imekaa na njaa muda mrefu.

"Ningewaita asubuhi, angepona?"

Daktari alikaa kwenye benchi. "Hatujui ilianza saa ngapi. Nesi wa asubuhi naye alipaswa kutuita. Na mimi ningeweza kuingia siku ile ile ya kwanza. Nilingoja. Usiubebe mzigo huu peke yako."

Shangazi alirudi dukani, akaishi. Alikaa kwenye kiti chake, na kila asubuhi mkono wa kushoto ulichukua pini na kuzipeleka kwenye ile pembe ya mdomo. Zilidondoka. Mkalimani aliziokota. Wateja waliingia, wakauliza kwa mazoea, "Anasemaje leo?" naye akajibu, "Hajasema." Ndivyo ilivyokuwa mpaka alipofariki, usingizini, mvua zilipoanza.

Sasa pini zinakaa kwenye kijaluba, na vifungo vimehamia kwenye kopo. Mkalimani hajatia pini mdomoni hata siku moja tangu hapo. Lakini cherehani ikiunguruma husikia mtu akimwagiza jambo kutoka kwenye kile kiti, naye huinuka, akafungua dirisha, kabla hajakumbuka. Hurudi kukaa na kujiuliza Shangazi alitaka nini asubuhi ile, na fundi viatu alijibiwa nini hasa.

Na kuna jambo la pale kwenye korido. Mlango wa chumba cha kuzibulia ulipofunguliwa ili aingizwe, Shangazi alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, akamvuta, akasema naye. Mkalimani, bila kufikiri, akakinga kiganja chini ya kidevu cha Shangazi, kama alivyokinga pini maisha yake yote. Kisha akamuuliza yule nesi mnene, "Umesikia?" Nesi akatikisa kichwa. Kwa hiyo hakuna shahidi, na mpaka leo hajui kama Shangazi aliyasema yote au mengine aliyamalizia yeye:

"Zitoe hizi pini, mwanangu, nikwambie."